SOMO LA UJENZI: UKUTA USIOBEBA PAA

Chama kinapokusudia kujenga ghala la pamba, swali la kwanza ambalo kamati yapaswa kumwuliza fundi ni hili: paa litabebwa na nini? Katika ghala la matofali, mara nyingi hubebwa na ukuta. Katika ghala la kiunzi cha chuma hubebwa na nguzo na mihimili mizito, na ukuta wa nje hujaza tu nafasi iliyo kati ya nguzo. Kazi yake ni kujibeba wenyewe na kuhimili upepo.

Ukuta wa namna hiyo waweza kuundwa kwa viguzo vyembamba vya chuma chenye unene wa milimita 1 hadi 3, kilichopakwa zinki na kukunjwa mfano wa herufi C. Viguzo husimamishwa kila baada ya sentimita 40 au 60 kati ya reli ya chini na reli ya juu, kisha hufunikwa kwa mabati. Shinyanga jambo hili lina uzito wake. Udongo mweusi wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na matofali yaliyo juu yake hupata nyufa. Ukuta mwepesi huvumilia zaidi, ingawa hauponyi msingi mbovu. Tena matofali ya kuchoma hula kuni, katika mkoa ambao mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianzishwa mwaka 1986 ili kurudisha miti na ngitili.

Mahali pa kuharibikia ni juu. Mhimili hupinda kidogo unapoelemewa. Viguzo vikikazwa barabara chini yake, hupokea mzigo ambao havikuandaliwa kuubeba, navyo hupinda. Kwa hiyo huachwa nafasi ndogo ndani ya reli ya juu. Fundi asiyeijua huiona kuwa kasoro, akaiziba kwa kulehemu. Na moto huo huunguza zinki, kutu ikapata mlango. Vyama vya Geita, vilivyo jirani na migodi, vikiuziwa vyuma vilivyokwisha kutumika, vichunguze kutu kwanza: chuma cha milimita 1 hakina cha kuliwa.

Lililosalia ni la katibu. Lori likichelewa msimu wa ununuzi, pamba mbegu hurundikwa hadi ukutani. Viguzo vilipimwa kwa upepo, si kwa rundo linalosukuma usiku na mchana. Mstari wa rangi upigwe sakafuni kabla ya siku ya kwanza ya ununuzi, pabaki njia ya mtu kupita kati ya rundo na ukuta. Mizani ya kuning'inia ipewe kiunzi chake yenyewe.