Hesabu ya Joto Katika Msitu wa Theluji

Joto halitulii. Hutoka palipo na moto kwenda palipo na baridi, wala halirudi lenyewe. Ukilishika hilo, utaelewa karibu kila anachofanya mwindaji wa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwezi wa Desemba, wakati msimu mkuu wa bunduki umekwisha na waliobaki porini ni wapiga mishale na wenye magobore. Mnyama wanayemsaka ni kulungu wa mkia mweupe, na kumsaka katika baridi hiyo ni kuifuata hesabu yake ya joto.

Ndani ya mwili wa kulungu mna nyuzi 38 au 39 za Selsiasi. Hewa ya nje usiku huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Tofauti ni karibu nyuzi 60, na kadiri tofauti inavyokua ndivyo joto linavyotoka kwa kasi. Baridi yenyewe kulungu hawezi kuipunguza. Anachoweza ni kulichelewesha joto lisitoke.

Kinga yake ya kwanza ni manyoya. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Ndiyo maana sufuria ya maharage ikifunikwa ndani ya kikapu kilichojazwa matambara hukaa moto kwa saa nyingi. Matambara hayaongezi joto lolote. Yanaizuia hewa isitembee, basi. Nywele ndefu za kulungu wakati wa baridi zina uwazi ndani, na chini yake kuna sufi laini iliyosongamana, kwa hiyo mnyama huyu hutembea amevaa tabaka la hewa. Theluji humwangukia mgongoni ikakaa bila kuyeyuka, na huo ni ushahidi kwamba joto halifiki juu ya manyoya.

Kinga ya pili ni ukubwa wa mwili. Chukua mchemraba wenye ubavu wa mita 1: eneo la nje ni mita za mraba 6, ujazo ni mita ya ujazo 1. Ongeza ubavu uwe mita 2: eneo linakuwa 24, ujazo unakuwa 8. Mwanzoni kila mita ya ujazo ilikuwa na mita za mraba 6 za kupotezea joto. Sasa ina 3 tu. Joto hutengenezwa na mwili mzima lakini hupotea kupitia ngozi, kwa hiyo mwili mkubwa hupoteza kidogo kwa kila kilo. Mjerumani Carl Bergmann aliyaeleza haya mwaka 1847. Kulungu dume wa visiwa vya joto vya Florida Keys ana kilo 30 hivi, ilhali ndugu yake wa Minnesota huweza kupita 100. Na ndiyo sababu majira yakiwa makali, watoto waliozaliwa mwaka huohuo hutangulia kufa.

Sasa tuje kwenye mapato. Dume huingia Desemba akiwa na deni: Novemba yote alikimbiza majike, akala kidogo mno, na huenda amepoteza karibu robo ya uzito wake. Chakula kilichobaki ni vijiti, machipukizi na masalia ya mahindi mashambani. Hapo mwindaji mwenye akili huacha kutafuta njia za majike akatafuta malisho, hasa alasiri, saa ambazo kutembea hakugharimu sana.

Usiku usio na mawingu una hatari nyingine. Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho usioonekana. Kulungu aliye uwandani huutoa kuelekea angani, na anga tupu humrudishia kidogo sana. Akilala chini ya mierezi, matawi yaliyo juu yake, ambayo si baridi kama anga, humrudishia sehemu kubwa zaidi. Matawi hayohayo huzuia upepo na kuidaka theluji, hivyo chini yake ni rahisi kutembea. Kulungu wengi hukusanyika humo. Kuwafukuza watoke kwenye theluji inayowafika kifuani ni kuwachomea mafuta yaliyotakiwa kuwafikisha Aprili. Sioni uwindaji katika hilo, naona uharibifu.

Mwindaji naye ana hesabu yake. Maji hupitisha joto takriban mara 25 ya hewa. Akipanda kilima akiwa amevaa koti zito, jasho litalowesha nguo za ndani, na akishaketi kimya ataanza kutetemeka. Wazoefu hutembea wamevaa kidogo, koti likiwa mgongoni, kisha hulivaa wanapofika. Jioni ardhi ikipoa, hewa iliyoigusa huwa nzito na kuteremka bondeni pamoja na harufu ya mtu. Anayekaa upande wa juu wa malisho amekwisha kujitangaza.

Idara ya maliasili ya Minnesota huipima baridi hii kwa pointi: moja kwa kila siku theluji inapofikia kina cha sentimita 38, na moja kwa kila siku baridi inapofika nyuzi 18 chini ya sifuri. Zinazohesabiwa ni za Novemba hadi Mei. Zikiwa chini ya 100, majira yalikuwa mepesi. Zikipita 180 yalikuwa makali, na maofisa huzitazama pointi hizo wanapoamua ni majike wangapi waruhusiwe kuwindwa msimu unaofuata.