Ukuta Haumtembezi Mbwa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Pita Mikocheni au Mbezi: geti jeusi, kibao cha "Mbwa Mkali", na nyuma yake mnyama mwenye masikio ya kusimama anayekaa bandani tangu alfajiri mpaka mlinzi amfungulie usiku. Mwulize mwenye nyumba kama mbwa wake hutembezwa, atakuonyesha ua kwa kidole: "Si unaona eneo lote hili ni lake?" Maagizo haya ni ya bwana huyo, na ya mkewe anayemuunga mkono.

Usihesabu ua kuwa matembezi. Mbwa akishaunusa ukuta wote, hana tena sababu ya kutembea. Atalala kivulini mpaka apite mtu, atabweka, atalala tena. Hebu kagua chini ya ukuta wako. Ukikuta majani yamekufa na pamechimbika kijia chembamba cha kwenda na kurudi, ujue hayo si mazoezi, ni mfungwa anahesabu siku. Kijia hicho kilikuwa kwangu miaka miwili, nami nilidhani ni mkondo wa maji ya mvua. Sikiliza na kucha: mbwa anayetembea hukwangua kucha zake barabarani, wa kufungiwa utamsikia ko, ko, ko juu ya vigae.

Piga hesabu kwa mbwa uliyenaye, si kwa muda unaobakiwa nao. Max von Stephanitz alipoanzisha chama cha German Shepherd huko Ujerumani mwaka 1899, alikuwa akitafuta mbwa wa kuzunguka na kondoo kutwa nzima. Miguu hiyo ndiyo uliyonunua ukaifungia bandani. Mbwa aliyekomaa mwenye afya wa aina hiyo anataka dakika 60 hadi 120 kila siku, zigawe asubuhi na jioni. Mbwa wa kienyeji mwenye nguvu zake asipungukiwe na dakika 60. Babu yake alizunguka kijiji kizima bila kuomba ruhusa, na damu haijasahau. Vijibwa vidogo vya sebuleni, nusu saa. Mbwa wa pua bapa kama bulldog na pug watembee kidogo kidogo, polepole, palipo na upepo, kwa sababu pumzi yao ni finyu tangu kuzaliwa.

Usimlipe Jumapili deni la wiki nzima. Siku sita bandani, halafu kilomita kumi ufukweni kwa sababu mgeni amekuja na kamera? Jumatatu atachechemea, nawe utalaumu chakula.

Usimtoe saa sita mchana. Hapa sina mzaha. Mbwa hana jasho la mwili kama lako. Hutoa kidogo kwenye nyayo, na joto lingine lote hulitoa kwa kuhema. Kuhema kunataka hewa kavu, na hewa ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili imeshiba maji. Ulimi unaning'inia, joto halitoki. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likivuka 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Kwa hiyo toka naye kabla jua halijapanda, saa kumi na mbili asubuhi, kisha rudia jua likizama. Wa Nairobi au Arusha mna nafasi zaidi, lakini lami ya mchana huunguza nyayo hata kwenu. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami. Ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde saba, mbwa asikanyage.

Ukiona ute mzito, ufizi mwekundu kupita kiasi, kupepesuka au kutapika, usiendelee "tumalizie tu hapo kona". Kivulini, maji ya kawaida mwili mzima hasa tumboni na kwapani, mpepee, kisha kwa daktari wa mifugo. Usimnyweshe kwa nguvu. Usimfunike taulo bichi ukamwacha. Likishapata joto linakuwa blanketi.

Usimtembeze akiwa ametoka kula. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujipinda, na hapo zinabaki saa chache za kumwokoa kwa upasuaji. Mtembeze kwanza, ale baadaye.

Usimpe mlinzi kamba asubuhi. Mtu amekesha usiku kucha akilinda mali yako, sasa unataka avutwe na mbwa wa kilo 35 hadi barabara kuu? Ukishindwa kabisa, tafuta kijana, mlipe, mfundishe, na utembee nao wiki ya kwanza.

Usimfunge nyuma ya pikipiki wala baiskeli.

Mtoto wa mbwa hana deni la kilomita. Wafugaji wengi hutumia kipimo cha dakika tano kwa kila mwezi wa umri: wa miezi minne, dakika ishirini, basi. Mifupa ya mbwa wakubwa hukomaa baada ya mwaka na zaidi, na ukimkimbiza mapema utakuja kulipia nyonga zake. Wala asishuke mtaani kabla ya kumaliza chanjo zake. Virusi vya parvo hukaa ardhini muda mrefu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, si mapambo ya kadi. Mbwa akimng'ata mtu njiani, awe wako au wa mtaani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta ya taa, usisubiri kuona.

Mshike kamba, fupi, hata kama "hana neno". Wewe ndiye unayejua kuwa hana neno. Mtaa wetu una watoto waliofundishwa kurusha mawe kabla ya kufundishwa salamu, na una wazee wanaotoka msikitini na kanzu safi, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi inayodai kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ukiwaona, vuka upande wa pili mapema, kisha toa salamu. Usingoje wao ndio wavuke. Jirani aliyeheshimiwa hana shida na mbwa wako. Nimeliona hilo pwani nzima.

Zoa kinyesi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo beba gazeti. Ufukweni usikwepe kwa kufukia mchangani: mayai ya minyoo ya safura ya mbwa huanguliwa humo, na viluwiluwi vyake hupenya nyayo za mtoto anayecheza peku.

Masika si likizo. Toka mvua ikipungua, lakini asinywe madimbwi. Mkojo wa panya ndani ya maji hayo huleta homa ya mgunda, kwake na kwako. Mkirudi, mpapase ndani ya masikio na katikati ya vidole. Kupe hupenda hapo.

Mwache anuse. Huyu hasomi mabango. Habari za mtaa anazipata kwenye nguzo ya umeme. Dakika ishirini za kunusa kwa nafasi humchosha kuliko kuburutwa nusu saa huku wewe unatazama simu. Simu ibaki mfukoni.

Mbwa mzee mpunguzie mwendo, usimpunguzie siku. Mara mbili au tatu, dakika kumi kumi, njia ile ile anayoijua. Akikaa chini katikati ya njia, usimvute. Simama, subiri. Akigeukia nyumbani, geuka naye.