Jamhuri Ilivyofika Bukima: Mafunzo Niliyopata

Nilikuwa mtoto wa shule Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, na bado nilikuwa darasani ilipogeuka jamhuri mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile. Nimezeekea hapa Bukima, katika nchi ya Majita mkoani Mara, nikiwasikia vijana wakisimulia miaka ile kana kwamba yote yalitendeka Dar es Salaam. Sisi tuliiona kwa namna nyingine.

1. Uhuru wetu ulianzia kwenye mizani ya pamba.

Katika sehemu kubwa ya Jimbo la Ziwa serikali ya kikoloni ilikinyima chama cha TANU usajili wa matawi yake tangu 1954 hadi 1958. Wazee wetu walikuwa wameshapata uwanja mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa jimbo hili waliteua wapimaji wao wenyewe, wasimame penye mizani ya wanunuzi na kuhakikisha mkulima hapunjwi. Vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 shirikisho lao kubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Baba yangu alijifunza kupiga kura kwenye mkutano wa ushirika, miaka mingi kabla ya kumchagua mbunge. Alijua kumbana mweka hazina mpaka aeleze kila senti. Anayesema wakulima waligawiwa demokrasia mwaka 1961 anawadhulumu watu hawa.

2. Cheo kinaweza kufutwa kwa sheria. Heshima ina mwenendo wake.

Mwaka 1963 uchifu ulifutwa nchi nzima. Hapa Mara jambo hilo lilikuwa na uzito wake, maana Rais Nyerere alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, na ndugu yake Wanzagi alikuwa chifu kule Butiama. Hakuikinga nyumba yake. Hilo liliwafanya hata waliokuwa na mashaka kuamini kwamba serikali mpya haina watoto wa kambo. Kesi zikaenda mahakama ya mwanzo, lakini mpaka wa shamba ulipogombaniwa, watu waliendelea kuwaita wazee waje wauonyeshe.

3. Tulichobishania kwanza ndicho tulichokitunza.

Januari 1962 Mwalimu Nyerere aliuacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akazunguka nchi kukijenga chama cha TANU. Wito wa wakati ule ulikuwa Uhuru na Kazi. Kijijini kwetu tulijenga darasa kwa kujitolea: wanaume wakifyatua matofali, mama zetu wakikanyaga udongo, sisi watoto tukichota maji ziwani. Lakini kabla ya tofali la kwanza palikuwa na ubishi mkali. Wa upande wa ziwani walitaka darasa liwe kwao, wa upande wa mlimani nao kwao. Mikutano ilivunjika, ikaitishwa tena. Kijana akisikia leo ataona tulipoteza muda. Mimi naona ubishi ule ndio uliofanya kila nyumba ilione darasa kuwa lake, na paa lilipoezuliwa na upepo hakuna aliyengoja afisa aje kutuamuru.

4. Mtu mzima husoma haraka akijua anasomea nini.

Mwaka 1968 mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO ulianza katika mikoa ya Ziwa. Vitabu vyake vya kusomea vilihusu kazi za watu: pamba, uvuvi, ng'ombe. Mama yangu alianza na jina lake, kisha akahamia kwenye stakabadhi ya pamba.

5. Jamhuri ilipungua pale swali lilipokoma.

Mwaka 1968 huohuo Mwalimu aliandika kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe, na kwamba vijiji vya ujamaa visijengwe kwa nguvu. Niliyaamini maneno hayo na bado nayaamini. Lakini ilipofika Operesheni Vijiji mwaka 1974, wengi mkoani Mara waliambiwa wahamie vijiji vipya, hawakuulizwa. Palikuwa na faida, shule na zahanati zilisogea karibu na watu. Hata hivyo nilimwona mzee akisimama kuuliza kwa nini aache udongo alioujua tangu utotoni, akaambiwa akae chini. Huyo ndiye yuleyule aliyewahi kusimama penye mizani na kubishana na mnunuzi, na wanunuzi wa zama za ukoloni hawakuweza kumnyamazisha.

Kabla ya hapo, mwaka 1972, halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa. Mwaka 1976 vikafuata vyama vikuu vya ushirika, pamoja na ile mikutano ambamo baba zetu walijifunzia kuhoji. Mwaka 1984 Mwalimu alisema hadharani kwamba, kama angeanza upya, hayo mawili asingeyafanya. Wakati huo sheria ya kurudisha ushirika ilikuwa imeshapitishwa, 1982, na halmashauri zilirudi mwaka 1984. Lakini waliokuwa wakijua kumbana mweka hazina walikuwa wameshazeeka, na sisi watoto wao ilitubidi tuanze kujifunza upya.