Roketi ya Pingili Mbili

Siku moja, baada ya masomo, kijana wa darasa la saba katika shule moja ya pwani, baina ya Kilwa na Lindi, alinijia ameficha kikopo ndani ya mfuko wake wa vitabu. Kikopo kile kilijaa baruti. "Mwalimu," akasema, "nataka kurusha roketi. Nitaweka kikopo kimoja juu ya kingine. Cha chini kikiisha kuwaka, cha juu kitashika moto, ipate kwenda mbali zaidi."

Nilikipokea kikopo kwa taratibu, nikakizamisha katika ndoo ya maji. Sikumpiga wala sikumkaripia, kwa maana wazo lake lilikuwa la kweli. Kibaya kilikuwa kile alichokishika mkononi. Nikamwambia, "Kwanza twende pwani."

Huko tulimkuta mzee mvuvi ameketi chini ya mkungu, akishona wavu kwa mkono mmoja, na uzi ameushika kwa meno. Kijana akasema, "Shikamoo, babu." Mzee akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu." Nilipomweleza habari ya kikopo, hakusema neno, aliinua kigutu cha mkono wake wa kulia, kijana akakitazama. Kisha akasema, "Huu niliutoa kwa kikapu kimoja cha samaki. Nilidhani utambi ungali mrefu. Baruti haina subira, mjukuu wangu, wala haimjui mwenyewe."

Uvuvi wa baruti umekatazwa na sheria ya nchi yetu, nanyi mwajua sababu. Huua samaki wakubwa na wadogo pamoja, huvunja matumbawe ambayo ni nyumba yao, na mara nyingi humrudia yule aliyeuwasha.

Tulipokuwa tukirudi, kijana alinyamaza kitambo kirefu. Mwisho akauliza, "Basi, mwalimu, roketi si kazi ya watoto wa huku?" Nikamjibu, "Ni kazi yenu pia. Kesho nitawaonyesha roketi ya pingili mbili isiyo na moto hata cheche." Somo hili ndilo nililomfundisha yeye na wenzake.

1. Roketi huendaje?

Keti ndani ya mtumbwi mwepesi, mahali penye maji yaliyotulia, nawe uwe na mawe machache mazito. Tupa jiwe moja kwa nguvu kuelekea nyuma. Utaona mtumbwi unasogea mbele kidogo. Tupa la pili, nao utasogea tena. Hukupiga kafi wala upondo. Jiwe limekwenda nyuma, nawe umekwenda mbele. Mtaalamu Mwingereza, Isaac Newton, aliitangaza kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1687: kitu kikisukuma kingine, nacho husukumwa kwa nguvu iyo hiyo kuelekea upande wa pili.

Roketi ni mtumbwi wa namna hiyo. Badala ya mawe, hutupa nyuma moshi wa moto mkali utokao katika mafuta yake. Watu wengi hudhani kwamba roketi huisukuma hewa iliyo nyuma yake, kama mvuvi anavyousukuma mchanga kwa upondo. Sivyo. Hata mahali pasipo hewa kabisa roketi huenda, kwa kuwa inasukumana na moshi wake yenyewe.

2. Kwa nini pingili?

Utazame muwa: una pingili moja juu ya nyingine. Roketi kubwa hufanywa vivyo hivyo, na kila pingili ina mafuta yake na injini yake. Vitabu vingi huziita hatua; sisi tutaziita pingili, kwa sababu jina hili huonyesha jinsi zilivyoungana.

Tuseme msafiri anakwenda safari ya siku nne katika nchi isiyo na kisima, naye amebeba mitungi minne ya maji. Siku ya kwanza amemaliza mtungi mmoja. Je, auchukue mtungi mtupu mpaka mwisho wa safari? Akiwa na akili atauacha njiani, mzigo upungue, ili nguvu zilizobaki zimfikishe mbali. Na roketi ni hivyo. Bomba lililokwisha mafuta ni mtungi mtupu. Likiachwa lianguke, pingili inayofuata husukuma mzigo mwepesi zaidi. Tena huanza kazi ikiwa tayari ina mwendo iliopewa na ile iliyotangulia.

Mmoja wa watu walioihesabu kazi hii mapema alikuwa mwalimu wa shule. Jina lake ni Konstantin Tsiolkovsky, aliyezaliwa Urusi mwaka 1857. Alipokuwa mtoto aliugua, akapoteza karibu uwezo wake wote wa kusikia, akajifunza zaidi kwa kusoma vitabu. Alifundisha hesabu katika mji wa Kaluga, na mwaka 1903 akatoa maandishi yaliyoeleza jinsi roketi itakavyoweza kutoka duniani. Mwaka 1929 akaeleza habari za roketi nyingi zilizoungwa kama mabehewa ya gari la moshi. Akafa mwaka 1935, kabla mtu yeyote hajafika huko juu. Lakini hesabu zake zilikuwa sahihi.

3. Roketi za Ngomeni

Msidhani kwamba mambo haya yako ng'ambo tu. Ukifuata pwani yetu kuelekea kaskazini zaidi ya kilometa 600, ukapita Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Malindi, utafika Ngomeni katika nchi ya Kenya. Hapo Waitalia, wakiongozwa na mtaalamu Luigi Broglio, walisimamisha baharini majukwaa ya chuma yenye miguu mirefu. Moja liliitwa San Marco, na jingine Santa Rita. Tangu mwaka 1967 hata mwaka 1988 satelaiti 9 zilipelekwa angani kutoka hapo, kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout. Roketi hiyo ilikuwa na pingili nne.

Kwa nini wakachagua pwani hii? Sababu ni mbili. Kwanza, dunia huzunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta uso wake huenda yapata kilometa 1,670 kwa saa. Roketi irushwayo karibu na ikweta kuelekea mashariki hupewa mwendo huo bure, kama jahazi linalotoka bandarini pamoja na maji yanayokupwa. Pili, mashariki ya pwani ni bahari tupu. Pingili zilizokwisha kazi huanguka majini, mbali na nyumba za watu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru wake, Scout moja iliondoka hapo na satelaiti ambayo kwa ajili ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Naam, jina la Kiswahili lilikwenda angani. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kwa kuchunguza eksirei zitokazo katika nyota, ambazo haziwezi kupenya hewa yetu zikafika chini. Mpaka kazi yake ilipokwisha mwaka 1973, ilikuwa imepata mahali zaidi ya 300 mbinguni patokapo eksirei.

Sasa angalieni hesabu. Roketi nzima, pamoja na mafuta yake, ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 15,000. Satelaiti ilikuwa na kilo 140 hivi. Basi katika kila kilo 100 zilizoondoka Ngomeni, haikufika hata kilo moja ya satelaiti. Zilizobaki zote zilichomwa au ziliachwa, ili hiyo kidogo ipate mwendo wa yapata kilometa 27,000 kwa saa.

4. Tutengeneze yetu

Vifaa: maputo mawili marefu, mshipi laini wa kuvulia wa mita 15, mirija miwili ya kunywea, kikombe cha plastiki, mkasi na seloteipu.

(a) Kata kikombe, upate pete moja ya ukingo wake wa juu, pana kama vidole viwili. Pete isikatike mahali popote.

(b) Pitisha mshipi ndani ya mirija yote miwili, kisha ufunge ncha zake katika minazi miwili, ukaze sana.

(c) Lipulize puto la kwanza mpaka likaribie kujaa. Libane mdomo, uupitishe mdomo huo ndani ya pete, uulaze kando ya pete. Hili ndilo pingili ya juu.

(d) Ingiza kichwa cha puto la pili ndani ya pete, kisha ulipulize. Likijaa litaubana mdomo wa puto la kwanza juu ya pete, hata hewa isitoke. Hili ndilo pingili ya chini. Libane mdomo kwa vidole.

(e) Mwenzako ayafunge maputo yote mawili katika mirija kwa seloteipu, kila moja katika mrija wake, yalale sawasawa na mshipi.

(f) Achia mdomo wa puto la nyuma.

Puto la nyuma litasukuma yote mawili. Hewa yake ikipungua, litalegea katika pete, na mdomo wa puto la mbele utafunguka wenyewe. Hapo puto la mbele litaendelea peke yake, na la nyuma litabaki.

Mshipi wetu tulipewa na yule mzee mvuvi, naye akaja kutazama. Mara ya kwanza roketi ya kijana wetu haikwenda. Puto la mbele lilivuja kabla ya wakati, maana la nyuma halikujaa vya kutosha kulibana. Mara ya pili pete ilikuwa na ncha kali, puto likapasuka, watoto wakacheka. Kijana akataka kuacha. Mzee akamwambia, "Mara mbili umekosa, na vidole vyako bado ni kumi. Jaribu tena." Akaifunika ncha kwa seloteipu, akapuliza tena polepole. Mara ya tatu pingili ya nyuma ilisukuma, ikalegea, ikabaki. Na ya mbele ikakimbia mpaka mnazi wa pili.

Kijana akahesabu vidole vyake, akacheka. Tangu siku ile hakuleta kikopo tena.

Maswali

1. Kwa nini roketi huweza kwenda hata mahali pasipo hewa?

2. Eleza kwa mfano wa mitungi faida ya kuiacha pingili iliyokwisha mafuta.

3. Taja sababu mbili zilizofanya pwani ya Ngomeni ifae kwa kurushia roketi.

4. Rusha puto moja peke yake, kisha roketi ya pingili mbili. Pima kwa futi kamba mwendo wa kila moja mara tatu, uandike katika daftari lako. Ipi ilikwenda mbali zaidi, na kwa nini?

5. Mwenzako akikuletea baruti, utamwambia nini, nawe utakwenda kwa nani?