Kuchagua Mashine ya Kukatia Nyasi kwa Ua Mdogo

Mtu atembeaye Pipeline, upande wa mashariki ya Nairobi, huenda akastaajabu kusikia habari za mashine ya kukatia nyasi. Huko maghorofa ya orofa sita, saba na zaidi yamesongamana ukuta kwa ukuta, na mahali pa nyasi ni haba. Lakini si mbali, katika mitaa kama Donholm na Nyayo Embakasi, ziko nyumba zenye ua mdogo. Na shule au kanisa lenye kiwanja sharti nalo likifyeke. Mwenye nyumba au kamati ikikosea katika kuchagua, fedha za karo au za sadaka hugeuka kuwa chuma cha kutu ndani ya stoo. Kwa hiyo yafaa tuyafikiri mambo haya kwa utaratibu.

1. Pima ua wako. Tuseme ua una urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Mashine ndogo ya kusukuma hukata upana wa sentimita 30 hivi. Lakini kwa kuwa kila safari hupitia kidogo juu ya ile iliyotangulia, tuhesabu sentimita 25. Basi utakwenda safari 24 za mita 8, yaani mita 192 tu. Huo ni mwendo wa dakika chache, na mtu mwenye afya hahitaji injini kwa kazi hiyo.

2. Tazama udongo na nyasi. Sehemu kubwa ya Embakasi ina udongo mweusi unaonata. Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, hulainika, na mashine nzito huzama na kuukandamiza; wakati wa kiangazi hupasuka, na magurudumu hukwama katika nyufa. Nyasi za Kikuyu, zenye asili katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, na ambazo zimepelekwa hata Australia, hutambaa upesi na kufanya zulia nene. Zikiachwa zikarefuka, mashine nyepesi hushindwa nazo. Dawa yake ni kuzikata mara kwa mara, wala usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, zisije zikadhoofika.

3. Zifahamu aina za vyombo. Fyekeo, ambalo wengi huliita slasha, ni la bei ndogo na hufaa kwa nyasi ndefu, lakini haliachi uwanja ulio sawa.

Mashine ya kusukuma kwa mkono ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830, baada ya kuona mtambo wa kiwandani uliopunguza manyoya ya nguo. Visu vyake huzunguka na kukutana na kisu kisichosogea, mfano wa mkasi. Haili petroli wala umeme. Yataka kunolewa na kutiwa mafuta tu.

Mashine ya umeme ni nyepesi, lakini waya wake waweza kukatwa na visu, tena ni hatari kubwa nyasi zikiwa mbichi kwa mvua. Mashine ya petroli ina nguvu na hufaa kiwanja cha shule, lakini yadai mafuta, plagi na fundi. Iko pia ile ya kamba, iliyobuniwa na George Ballas wa Houston, Marekani, mwaka 1971, alipotazama brashi za mahali pa kuoshea magari. Hiyo hufaa kandokando ya kuta na mitaro.

4. Jihadhari. Kisu cha injini hurusha jiwe kama risasi, na hukata vidole vya mguu mara moja. Okota kwanza mawe, chupa na vipande vya waya; vaa viatu vigumu; watoto wakae mbali. Usiguse kisu kabla ya kuzima injini na kuchomoa waya wa plagi. Ikiwa ni ya umeme, ichomoe kwanza katika soketi.

5. Kabla ya kulipa, muulize mwenye duka kama vipuri vinapatikana mjini, na ni nani awezaye kuitengeneza. Wahenga walisema kwamba rahisi ni ghali. Majirani wanne wenye nyua ndogo waweza kuchanga na kununua mashine moja njema, mradi wapatane mapema nani ataitunza. Au wamwajiri kijana mwenye chombo chake, naye apate riziki.

Kwa ufupi: ua mdogo ukatwao kila juma, mashine ya mkono yatosha, nyasi zilizozidi kurefuka, anza na fyekeo, kiwanja kikubwa, petroli. Aliye na hatua tatu tu za nyasi mbele ya mlango, na anunue fyekeo, azihifadhi fedha zake kwa haja nyingine.