Kufundisha Ushirikiano wa Mataifa katika Hifadhi: Kutoka Malagarasi hadi Antaktika

Mada ya mataifa kushirikiana kulinda maeneo ya hifadhi kwenye ncha ya kusini ya dunia humtia mashaka mwalimu wa Puge. Barafu ya Antaktika itamhusu nini mtoto ambaye maji anayoyajua ni ya lambo? Yafaa somo lianzie Mto Malagarasi, ambao misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ililazimika kuuvuka kwa mitumbwi na kulipa hongo.

Mwalimu achore ramani ubaoni. Mto huo huanzia karibu na mpaka wa Burundi, hupokea maji ya Igombe na Ugalla, kisha humwagika katika Ziwa Tanganyika. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye kilometa za mraba 32,500 hivi, iliandikishwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar wa 1971, ikiwa ya kwanza nchini mwetu. Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza ziwa lenyewe.

Darasa ligawanywe makundi manne, kila kundi nchi moja, na beseni la maji liwekwe katikati. Kundi moja litie udongo. Waulizwe: nani ameyachafua, na nani atayanywa? Mwalimu asiharakishe majibu; hapa ndipo penye somo.

Sasa waingie Antaktika. Mataifa 12 yalitia saini mkataba wake mwaka 1959, na Itifaki ya Madrid ya 1991 ikapiga marufuku uchimbaji wa madini. Katika maeneo maalumu ya hifadhi haingii mtu bila kibali cha serikali mwanachama, kwa kufuata mpango uliokubaliwa kikaoni.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: mbona Malagarasi nayo isifungwe vivyo hivyo? Swali hili lisikwepwe kwa kisingizio kwamba kengele imelia. Antaktika haina wenyeji. Wakaao huko ni watafiti na watumishi wa muda. Malagarasi ina wavuvi, warina asali na wafugaji, na huenda baba wa muulizaji ni mmoja wao. Kumnyima mgeni kibali cha kukanyaga barafu si sawa na kumwondoa mfugaji bondeni.

Zoezi: kila kundi liandike kifungu kimoja cha mpango wa bonde, likitaja ni nani wasikilizwe kabla nchi hazijatia saini.