Chujio la Tangi la Samaki: Kipi Kibadilishwe na Kipi Kitunzwe



Katika baadhi ya vyama vyetu wamo wanachama wanaofuga samaki wa mapambo majumbani, katika matangi ya kioo, na kuwauza mjini. Kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mazao, lakini fedha zinazoingia humo ni fedha za wanachama, na kwa hiyo hesabu zake hukaguliwa kama hesabu nyingine zote. Somo hili linahusu sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo ni vitu vya kuchujia maji. Nimelichagua kwa sababu katika jambo hili mkaguzi naye alikuwa upande wa kosa.

Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, nilipeleka taarifa ya ukaguzi mapema kama utaratibu unavyotaka. Nilipofika niliyakuta matangi sita yaking'aa, maji yake meupe kama ya chemchemi. Mtunzaji alikuwa ametoa kila kilichokuwamo ndani ya machujio usiku uliotangulia, akakisugua kwa maji ya bomba, na vile vilivyokataa kutakata akavitupa na kununua vipya. Nikaandika katika kitabu cha wageni kwamba usafi unaridhisha. Siku ya tano nikaarifiwa kwamba samaki wanapanda juu kuhema na kufa. Matangi manne yalibaki matupu. Katika vitabu hasara hiyo iliandikwa kuwa ni maradhi. Wako waliosema kwamba mkaguzi ana kijicho, na hawakukosea sana, maana bila ya ujio wangu machujio yale yasingeoshwa.

Afisa uvuvi tuliyemwita hakuona maradhi yoyote. Maelezo yake ndiyo msingi wa somo hili.

Samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza huongeza amonia hiyo. Ni sumu. Katika bwawa uko udongo, mimea na maji mengi ya kuipunguza. Katika tangi la kioo tegemeo kubwa ni chujio. Juu ya mawe, sifongo na changarawe zilizomo ndani ya chujio huota utando wa bakteria wasioonekana kwa macho. Bakteria hao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwa kuwa huizuia damu ya samaki isibebe hewa. Ndiyo maana samaki huhema hata pampu ikiwa inafanya kazi. Kisha nitriti hugeuzwa kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa, ambayo huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Elimu hii si mpya. Mtaalamu wa Urusi, Sergei Winogradsky, aliwatenga bakteria wa namna hiyo kutoka udongoni mnamo mwaka 1890. Vitabu vya zamani vya ufugaji hutaja Nitrobacter kuwa ndio wanaoondoa nitriti, lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na jamii ya Nitrospira. Mwenye kitabu cha zamani asikitupe. Arekebishe jina hilo tu, kwani mengine yaliyobaki yanafaa.

Jambo la kushika ni kwamba bakteria hawa huongezeka polepole. Tangi jipya kwa kawaida huhitaji wiki nne hadi sita kabla chujio lake halijaweza kubeba samaki wengi. Chujio likisuguliwa lote kwa siku moja hurudi kuwa jipya, ilhali samaki ni wale wale na chakula ni kile kile.

Sasa tuingie katika vitabu. Katibu wa chama kile alikuwa ameweka sifongo, mawe, mkaa na pamba ya nailoni chini ya fungu moja la vifaa vya matumizi, na kila robo mwaka vyote vilinunuliwa upya. Kwa kalamu hapakuwa na kosa, stakabadhi zilikuwapo. Kosa lilikuwa katika kutotofautisha. Pamba ya nailoni na mkaa hutumika na kwisha. Hivyo ni matumizi. Mawe, changarawe na sifongo ngumu ni mali ya kudumu, na thamani yake huongezeka kadiri vinavyokaa majini. Kuvitupa kila robo mwaka ni sawa na kung'oa mibuni kila baada ya mavuno.

Katika kuchagua, tafuteni kitu chenye vinyweleo vingi, kisichooza wala kuyeyuka. Wenzetu wa Rungwe na wa miteremko ya Meru wanayo mawe mepesi ya volkano yenye matundu matundu, ambayo yakivunjwa vipande vidogo na kuoshwa vizuri kabla ya kutumiwa mara ya kwanza hufanya kazi nzuri. Vizibo vya plastiki vya chupa pia vinafaa, ijapokuwa havina vinyweleo. Sifongo za jikoni zilizotiwa dawa ya kuua vijidudu zisitumiwe kamwe.

Makombe ya pwani, matumbawe na mawe ya chokaa yanahitaji fikira zaidi, kwa sababu huyafanya maji yawe magumu na kupandisha pH. Dondosheni siki juu ya jiwe. Likitoa povu, lina chokaa. Kwa samaki waliotoka Ziwa Tanganyika hilo si baya, kwa kuwa maji ya ziwa lile ni magumu na pH yake hukaribia 9. Lakini amonia huzidi ukali pH inapopanda na maji yanapokuwa na joto. Basi afugaye samaki wa Tanganyika ndiye anayepaswa kuliogopa zaidi kosa la kuosha chujio lote kwa pamoja.

Mkaa wa kuchujia uliotayarishwa kiwandani huondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa. Baada ya wiki chache hujaa, na kuuchemsha nyumbani hakuurudishii nguvu yake. Mkaa wa jikoni hauchukui nafasi yake, na majivu yake huharibu maji. Kwa maoni yangu tangi lenye afya linaweza kukaa bila mkaa kabisa. Uwekwe akiba kwa siku ya kuondoa dawa baada ya matibabu.

Mpangilio uwe hivi: maji yapite kwanza penye sifongo ya matundu makubwa, kisha penye laini, ndipo yafike kwenye mawe. Yakitangulia mawe, taka huziba vinyweleo vyake. Maji yakianza kutoka kwa unyonge, siku ya kusafisha imefika. Chota ndoo ya maji kutoka katika tangi lenyewe, kamulia sifongo humo mara mbili tatu, uirudishe ingali na rangi ya kahawia. Maji ya bomba yenye klorini huwaua bakteria, na sabuni ni mbaya zaidi. Mawe yaguswe mara chache, na nusu tu kwa wakati mmoja. Nusu ya pili isubiri wiki tatu au nne. Sifongo iliyochakaa isitolewe kabla mpya haijakaa kando yake kwa muda kama huo. Siku hizo chakula cha samaki kipunguzwe.

Limebaki suala la umeme. Bakteria hawa nao huhitaji hewa. Pampu ikisimama kwa saa nyingi, waliomo ndani ya chujio lililofungwa huanza kufa na maji yaliyotuama humo huharibika. Umeme ukirudi, msiwashe mara moja: fungueni chujio, mwageni maji yaliyomo, suuzeni vitu vyake kwa maji ya tangi, ndipo pampu iwashwe. Penye kukatika umeme mara kwa mara, chujio la sifongo lililo wazi ndani ya tangi, lenye kuendeshwa kwa pampu ya hewa, ni salama kuliko yale ya kufungwa, na bei yake ni nafuu.

Kila tangi liwe na daftari lake, likionyesha tarehe, kilichosafishwa, kilichoachwa, na saa ambazo umeme ulikatika. Mimi nikija kukagua nitaomba daftari hilo kwanza. Na tafadhali, asioshe mtu chujio kwa sababu ya ujio wangu.